Kamba Iliyochoka Isitolewe Nzima



Katika chumba kidogo nyuma ya kanisa letu hapa Musumba, pale tunapoweka mabenchi yaliyovunjika na ngoma za kwaya, kuna gunia la kamba. Kamba hizo zilitoka Kolwezi. Aliyezileta ni mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye siku hizi hufanya kazi ya kupanda minara na matangi makubwa, akining'inia kwenye kamba ili kupaka rangi na kukaza bolti. Huko kazini kwake, kamba ikitimiza umri wake au ikipata jeraha huondolewa, wala haitumiki tena. Yeye aliona uchungu kuziacha zitupwe. Akazishindilia katika gunia, akazipakia juu ya lori, nazo zikatufikia baada ya safari ndefu ya barabara mnayoijua ninyi nyote. Alituambia maneno machache: "Mwalimu, vijana watengeneze mikanda na bangili. Lakini zikateni kwanza."

Tulilisikia neno la kwanza kwa furaha, na la pili tukalisahau.

Miongoni mwa kamba zile kulikuwa na moja ya buluu, ndefu, laini, isiyoonyesha jeraha lolote. Tulisikitika kuitia kisu kitu kizuri namna ile. Kijana mmoja wa parokia akaja kutuomba kamba ya kufungia mizigo juu ya baiskeli yake, nasi tukampa ile ya buluu, nzima kama ilivyokuwa. Hatukuiuza, tulimpa bure, na waliokuwapo walitusifu kwa ukarimu. Miezi ikapita. Kijana yule, kama wengi wa rika lake, aliondoka kwenda kutafuta maisha katika mashimo ya Kolwezi, na kamba ikaenda naye. Siku moja ilikatika alipokuwa akishuka. Mungu alimhurumia, kwa maana alikuwa amekaribia chini. Alivunjika mguu, na hata leo hutembea kwa fimbo. Tulipokwenda kumwona hakutulaumu hata kwa neno moja. Alituuliza kama gunia lile bado lina kamba nyingine.

Swali lile limetufanya tuandike ukurasa huu. Tunajua kwamba katika vikundi vyenu mmeanza kuzungumza juu ya kazi ya kusuka vitu kwa kamba zilizotupwa: mikanda ya kiunoni, bangili, vishikizo vya funguo, mikanda ya mifuko. Tunaiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Ila twasema kwamba kazi hiyo huanza kwa kisu, hata kabla ya kusuka, na kwamba kikundi kisicho tayari kukata kisipokee kamba hata moja.

Kwa nini kamba huchoka

Mtu aweza kuuliza: kamba ni kamba, ikiwa haijakatika, kosa lake ni nini? Yatupasa kulijibu swali hili kwa ujuzi, maana huruma isiyo na ujuzi ndiyo iliyotuponza sisi.

Zamani watu waliopanda milima walitumia kamba za katani na nyuzi nyingine za mimea. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 huko Marekani, katika maabara ya Wallace Carothers, na baadaye ikachukua nafasi ya nyuzi hizo katika kamba za kupandia. Mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ilitoa kamba ya namna mpya, yenye sehemu mbili: kiini na ganda. Kiini ni nyuzi nyingi zinazokwenda pamoja ndani, nazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu. Ganda limesukwa kukizunguka kiini ili kukilinda. Kamba nyingi za kupandia hadi leo zimejengwa hivyo, na nyingi za wale wafanyao kazi juu ya minara ni za jamaa hiyohiyo.

Basi fikirini: kinachobeba mtu hakionekani, na kinachoonekana ni vazi tu. Ganda laweza kuwa safi na kiini kikawa kimeumia. Chembe za mchanga huingia ndani, na kila kamba inapokunjwa na kuvutwa, chembe hizo hukata nyuzi kidogo kidogo kama visu vidogo. Jua hudhoofisha nailoni. Anguko moja kubwa laweza kuimalizia kamba unyumbufu wake. Fundo peke yake laweza kuiondolea kamba theluthi ya nguvu zake. Tena kuna asidi. Katika nchi yetu ya shaba jambo hili si la mbali, kwa kuwa viwanda hutumia asidi ya salfa kuitoa shaba na kobalti katika mawe, na katika kila gereji mna betri kuukuu zinazovuja. Nailoni huharibiwa na asidi ya namna hiyo, na yaweza kuharibika bila kuonyesha doa la kutisha.

Kwa sababu hizo watengenezaji wengi huonya kwamba hata kamba iliyokaa kabatini bila kutumika isizidi miaka 10. Na wapandaji milima wenye busara wana desturi moja: kamba ikistaafu, hukatwa vipande kabla ya kutupwa, ili asije mtu mwingine akaiokota na kuyakabidhi maisha yake kwake. Hawamwachii mwokotaji kazi ya kukisia. Wameijua siri ya kamba yao, na siri hiyo huitangaza kwa kisu.

Kile ambacho kisu hulinda

Ninyi mnaoishi Lualaba hamhitaji kufundishwa kwamba ardhi yetu ina mashimo. Tangu mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao, wengine hata chini ya sakafu za nyumba zao. Mwezi Juni 2019, kuporomoka kwa ardhi katika mgodi mmoja wa Kolwezi kuliwaua wachimbaji zaidi ya 40 kwa siku moja. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inawaruhusu watu wazima peke yao kupewa kadi ya uchimbaji mdogo, na kanuni zake zinakataza kuchimba kupita mita 30 kwenda chini. Mnajua kama sisi ni wangapi wasio na kadi, ni wangapi wasio watu wazima, na ni mashimo mangapi yaliyopita kipimo hicho.

Hatuandiki ili kuwahukumu wanaochimba. Wengi wao ni kaka zenu na baba zenu, na ada ya shule ya baadhi yenu imetoka katika mashimo hayo. Twasema tu kwamba hatari zilizopo zatosha. Ardhi ina hatari zake, hewa ya shimoni ina zake, maji ya masika yana yake. Parokia isiongeze ya kwake ndani ya gunia.

Tumesikia hoja mbili dhidi ya neno hili, na zote mbili zastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza husema: "Mchimbaji asipopata kamba yetu atashuka kwa kamba mbaya zaidi, au atashuka kwa miguu mitupu, akikanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani. Je, si afadhali kamba iliyochoka kuliko kukosa kabisa?" Hoja hii ina uzito, nasi tuliitafakari siku nyingi kando ya kitanda cha kijana yule. Jibu letu ni hili. Mtu ajuaye kwamba hana kamba huweka mguu wake kwa hadhari, hushika, hupima, hurudi nyuma akiogopa. Mtu aliyepewa kamba huitegemea kwa uzito wake wote. Kamba iliyochoka inamwahidi jambo ambalo haiwezi kulitimiza, na ahadi hiyo imetoka mikononi mwetu. Kama kikundi chenu kina nia ya kweli ya kumsaidia mchimbaji, changeni fedha mkamnunulie kamba mpya, au mkae naye mtafute kazi nyingine. Msaada wa namna hiyo hugharimu. Kutoa kamba kuukuu hakukutugharimu sisi kitu. Aliyelipa ni mwingine.

Hoja ya pili ni ya fedha: kamba nzima huuzwa haraka sokoni, nacho kipande cha mita mbili hakina mnunuzi. Ni kweli. Lakini anayenunua kamba nzima iliyotumika, katika nchi ya mashimo, anainunua kwa kazi gani? Wengine watafungia mbuzi, hatuna shaka. Sisi nasi tuliambiwa habari ya baiskeli, na kijana aliyetuambia hakusema uongo siku ile. Kamba huhama mikono, na kila mkono una haja yake. Anayeiachia nzima hawezi tena kuchagua itakakoishia.

Jinsi ya kuifanya kazi

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe, maana hatukuja kuwatia hofu tu.

Kata kwanza, siku ileile kamba inapofika, mbele ya kikundi kizima. Vipande visizidi mita 2. Urefu huo watosha kusukia mkanda, na haumtoshi mtu kushuka shimoni. Kisha kivute kiini kitoke ndani ya ganda. Hapo unapata mali mbili: ganda tupu, ambalo hulala bapa kama utepe na hufaa mikanda ya mifuko na vishikizo vya funguo, na nyuzi za kiini, nyeupe na laini, ambazo husokotwa au kusukwa kuwa bangili, vikapu vidogo na nyavu za kubebea matunda. Kamba iliyotenganishwa hivyo haiwezi tena kumdanganya mtu.

Jueni pia mnachokishika. Kamba nyingi za bei nafuu sokoni hazikutengenezwa kwa nailoni bali kwa polipropilini, jamaa ya plastiki inayofumwa kuwa magunia. Kuna jaribio rahisi: tieni kipande katika beseni la maji na kukikamua ili hewa itoke. Polipropilini huelea, nailoni huzama. Tofauti hii ina faida, kwa kuwa polipropilini iliyokaa juani muda mrefu hukatikakatika na kuwa vumbi. Msiitumie kwa bangili itakayogusa ngozi ya mtoto.

Kamba iliyotoka migodini imebeba vumbi la migodi, na katika vumbi hilo mna kobalti na metali nyingine zisizofaa kuingia kinywani wala mapafuni. Ioshwe kwa sabuni ndani ya beseni, si katika kijito wanakochota maji mama zetu. Na maji machafu yamwagwe mbali na kisima. Anayekata afunge kitambaa puani na avae glavu akiweza. Ncha za nyuzi huchomwa kidogo kwa moto wa mshumaa ili zisifumuke. Jambo hilo lifanyike nje, penye upepo, kwa maana moshi wake ni mbaya, na nailoni iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya. Watoto wadogo wasikabidhiwe kazi hiyo.

Tena kuna vitu ambavyo kamba hizi zisivifanye kamwe: bembea, mbeleko ya mtoto, mkanda wa kumfungia abiria kwenye pikipiki. Chochote kinachobeba mwili wa mtu kimekatazwa. Mkanda wa suruali ukikatika, mtu hucheka. Hicho ndicho kiwe kipimo chetu.

Mzee aliyekuwa akifuma mkeka

Tumegundua kwamba kizuizi kikubwa kwa wavulana wetu si kisu wala beseni. Ni aibu. Wanasema kusuka ni kazi ya wanawake na ya wazee, na kwamba mwanamume wa Lualaba huonekana kwa mawe aliyoyatoa ardhini. Wengine huongeza kwamba kuchezea takataka za kampuni ni kujidhalilisha.

Kwa hao twataka kukumbusha habari ambayo Musumba yetu inaijua kuliko mji wowote mwingine. Wazee wa Warunda husimulia juu ya mtemi Konde, aliyekuwa ameketi akifuma mkeka, na kando yake palikuwa na chombo cha maji alimoloweka nyuzi zake. Maji yaligeuka kuwa meupe kwa sababu ya nyuzi zile. Wanawe, Kinguri na Chinyama, wakaja wamelewa. Walipoyaona maji yale walidhani ni pombe ya mchikichi ambayo baba yao anawanyima, wakampiga. Binti yake, Ruwej, ndiye aliyemtunza. Naye mzee kabla ya kufa alimwachia Ruwej lukano, bangili ya utawala, ambayo kwa masimulizi ni kano zilizosokotwa. Kaka zake waliondoka kwa hasira kwenda mbali, na lukano imebaki kuwa alama ya Mwant Yav. Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyeongoza msafara uliofika Musumba katika miaka ya 1880, aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu chake. Wazee wetu huyasimulia kwa namna zaidi ya moja, nao wana haki ya kuyaeleza kuliko sisi.

Sisi tunaona ndani yake jambo moja tu la kuwaambia vijana. Wana wale walitazama maji ya kazi wakaona pombe. Mbele yao palikuwa na baba, mtawala wa nchi, ambaye hakuona aibu kuketi chini na kufuma kwa mikono yake. Na ufalme ukaondoka kwa wale walioidharau ile mikono, ukaenda kwa yule aliyeitunza. Na alama ya ufalme wenyewe ni nini? Ni kitu kilichosokotwa na kuvaliwa mkononi. Anayesema kwamba kusuka bangili ni kazi ya kujidhalilisha, na akaisemea hapa Musumba, hajawauliza babu zake.

Wala si Musumba pekee. Kule Bunkeya, katika karne ya 19, Wayeke waliokuja na Msiri kutoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, walijua kuivuta shaba hadi ikawa waya mwembamba, na waya huo waliuzungushia juu ya nyuzi za mimea au manyoya wakapata bangili nyororo. Shaba yetu na uzi wetu vilikutana mkononi mwa mtu zamani sana. Vijana wa kikundi chetu wamelijaribu jambo hilo: wanazungushia waya mwembamba wa shaba kwenye ncha za bangili ya nailoni mahali pa kifungo, na inapendeza. Ila angalieni waya umetoka wapi. Waya wa mota iliyoungua, iliyonunuliwa kwa haki, ni mali ya fundi. Waya wa umeme uliokatwa usiku na kuuacha mtaa mzima, na zahanati yake, gizani ni wizi, na bangili haiusafishi.

Bei na ukweli

Hatutawadanganya juu ya faida. Mkanda mmoja uliosukwa vizuri huchukua mchana mzima wa mtu aliyezoea, na bei yake haishindani na siku njema ya shimoni. Anayewaambia kwamba bangili zitafunga migodi, huyo anawauzia ndoto. Sisi twasema jambo dogo zaidi. Aliye chini ya miaka 18, ambaye sheria inamkataza shimo, anahitaji mahali pa kujifunzia mikono yake baada ya masomo. Binti anayengoja kurudi shuleni anahitaji fedha ya daftari ambayo hakumwomba mtu. Na kijana yule mwenye fimbo, ambaye mguu wake hautamrudisha shimoni, anahitaji kazi ya kuketi. Leo yeye ndiye anayetufundisha sisi kusuka kwa nyuzi nane. Tulimwendea kuomba msamaha, akatujibu kwa kuomba kisu.

Kwa hiyo fanyeni hesabu kwa uaminifu. Kuweni na daftari: kipande kilichotumika, saa zilizotumika, bei ya bizimu, jina la aliyesuka, fedha aliyopata. Aliyesuka alipwe kabla ya kikundi kujiwekea akiba. Tena mnunuzi asinunue kwa kuwahurumia. Huko Lamu, pwani ya Kenya, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi kwa takataka za plastiki, likazinduliwa mwaka 2018. Walitumia tani 10 za plastiki na kulipamba kwa kandambili kama 30,000 zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Watu walilisifu kwa sababu lilikwenda na upepo na kufika. Takataka iliyogeuzwa chombo lazima iwe chombo kweli. Mkanda wenu ushike suruali, mfuko wenu ubebe mihogo, ndipo mseme kwamba mmetengeneza kitu.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya juu ya utamaduni wa kutupa, unaotupa vitu na hatimaye huwatupa watu. Sisi tumejifunza kwamba kuna pia namna ya kutotupa iliyo mbaya: kumwachia maskini kitu ambacho sisi wenyewe tusingekiamini. Pimeni kila zawadi kwa kipimo hiki: je, mimi ningeshuka kwa kamba hii? Mdogo wangu je?

Katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 38, tunasoma jinsi nabii alivyotupwa katika kisima kisicho na maji, akazama matopeni. Ebed-Meleki, Mkushi, mtu wa Afrika aliyekuwa nyumbani mwa mfalme, alikwenda kumtoa. Alichukua kamba, lakini kabla ya kumvuta alitafuta matambara makuukuu na nguo zilizochakaa, akamteremshia, akamwambia aziweke kwapani ili kamba zisimchubue. Mara nyingi tumeifundisha habari hii katika katekesi, na mara nyingi tukapita haraka kwenye matambara. Sasa hatupiti tena. Ebed-Meleki alijua kazi ya kitu kikuukuu na kazi ya kamba, wala hakuzichanganya. Kamba ilibeba mtu. Matambara yalimfariji mtu anayebebwa. Vyote viwili vilikuwa vya lazima, kila kimoja mahali pake.

Gunia lililo nyuma ya kanisa letu halina tena kamba nzima. Lina vipande, na siku za Jumamosi baada ya sala vijana huketi kukizunguka kisanduku cha mabizimu. Kile kisu kimefungwa kwenye msumari mlangoni, kwa bangili ya buluu.

*Maswali ya kutafakari katika kikundi*

1. Katika parokia yetu, ni vitu gani tunavyowapa maskini ambavyo sisi wenyewe tusingethubutu kuvitumia?

2. Ni kazi gani ya mikono iliyojulikana kwa wazee wetu ambayo sisi tunaionea aibu? Nani katika shirika letu bado anaijua, na tutakwenda kumwona siku gani?

3. Kamba ikiletwa kwetu kesho, nani atashika kisu, na nani ataandika katika daftari?